Jetski haivuti? Tazama chini kwanza, plagi baadae (mwongozo kamili)

Wakuu salamu. Naandika hii mana kila msimu wageni wakianza kujaa Nungwi na Kendwa, huku Zanzibar, simu yangu haipumziki, "fundi, jetski haivuti", na ukimuuliza mtu umefanya nini mpaka sasa jibu ni lile lile: nimebadilisha plagi, nimebadilisha plagi tena, sasa nataka kununua pampu ya petroli. Mtu ashamaliza laki kadhaa, kumbe tatizo ni kipande cha kamba kimejizonga chini. Inaniuma kwa kweli, mana wengi wenye hivi vyombo ni vijana waliojichanga, jetski moja ndo duka lao, ikilala juani siku mbili nyumbani hakuingii kitu.

Kwahiyo naelezea utaratibu ninaofuata mimi, na usiruke hatua, mana nimeupanga kuanzia kisicho na gharama mpaka chenye gharama. Mifano mingi ni ya Yamaha VX na Sea-Doo Spark mana ndo ninazokutana nazo zaidi, ila mambo yenyewe ni yale yale hata kwa Kawasaki.

Kwanza kabisa: RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) zinasemaje?

Jetski haina propela ya nje kama boti. Injini inazungusha shafti, shafti inazungusha impela (feni yenye mabawa), impela imekaa ndani ya pampu, inavuta maji kutoka chini ya bodi na kuyatema nyuma kupitia mdomo mwembamba, na hayo maji yanayotemwa ndo yanakusukuma. Sasa hapo una vitu viwili, injini na pampu, na chochote kikizingua wewe uliyekaa juu ya siti unahisi kitu kimoja tu, haiendi. Ndo mana watu wanapotea.

Toka mpaka penye kina, uko peke yako, bana mafuta mpaka mwisho na macho yawe kwenye dashi. RPM zikipanda vizuri, pengine hata zaidi ya kawaida, injini inalia kama gari iliyo kwenye nyutro lakini mwendo hamna, basi injini yako ni nzima, tatizo ni pampu. RPM zikigoma kupanda, injini inanguruma nzito au inakohoa, hapo ndo unaanza kuifikiria injini. Spark ya farasi 90 ikiwa nzima inafika karibu 8,000, sasa ikiishia 6,000 na umebana mpaka mwisho, kuna kitu.

Kuna mtego mmoja tu hapo, kamba nene ikizonga shafti nayo inaikaba injini na RPM haziendi juu, kwahiyo hata RPM zikiwa chini bado chini utatazama, haikwepeki.

Na nawaomba sana, siku jetski ikiwa nzima andika namba zake. Mtu mmoja, tanki nusu, bahari imetulia, simu yenye GPS kwenye mfuko usioingia maji, andika RPM za juu na spidi. Bila hiyo utaniambia "imepungua kidogo" na mimi sina cha kulinganisha.

Pili: usije ukawa umeifunga mwenyewe

Hii ni ya dakika mbili. Yamaha VX za zamani zilizokuja na rimoti zina hali ya mwendo mdogo, mtu kabonyeza bila kujua, injini haivuki RPM fulani. Sea-Doo zina ufunguo wa wanafunzi, wa kijani, ukiwasha na huo haikimbii hata uibembeleze vipi, na nimeona kijana ana funguo mbili mfukoni anazichanganya kila siku. Spark ya nguvu ya farasi 90 nayo ikiwaka inaanza kwenye hali ya utulivu, lazima ubonyeze kitufe cha spoti ukishikilie.

Alafu angalia taa. Ikiwaka ya joto au ya oili, au inapiga king'ora na injini imejishusha ghafla, hiyo haijaharibika, inajilinda. Usilazimishe kurudi ufukweni kwa mafuta mengi, rudi polepole au uvutwe, mana ukilazimisha pale ndo unageuza tatizo la mpira wa maji kuwa tatizo la injini nzima.

Tatu: chini, na hapa kaa sana

Zima, toa kamba ya mkononi (ile ya kuzimia injini ukianguka), na kama jetski iko kwenye trela toa pia waya hasi wa betri. Sitanii hapa, mkono hauingii kwenye pampu wakati kuna uwezekano wowote wa injini kuwaka, hata mtoto akicheza na kitufe.

Lala chini na tochi. Kuna grili chini ya bodi, ndo mdomo wa kuvutia maji, na nyuma kuna mdomo wa kutema, vyote viwili uchungulie. Unatafuta mwani, mifuko, vipande vya nyavu, mshipi wa kuvulia, na kwa upande wetu wa mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, utakuta zile kamba za mashamba ya mwani pamoja na tai-tai zake, vile vikamba vya kufungia miche. Hizi ni mbaya, mana zikizonga shafti zinayeyuka kwa msuguano zinakuwa kama plastiki imegandishwa, huvuti kwa mkono, unakata kwa kisu kidogokidogo huku unaizungusha shafti kwa mkono. Niliwahi kuletewa VX iliyopita kwa mafundi wawili, plagi mpya, filta mpya, petroli imemwagwa yote, nilipolala chini nikatoa tai-tai zimejikunja kama kiota. Na jamani ukikata kamba ya mama wa watu nenda umwambie, lile ni shamba lake, kafunga kila mche kwa mkono. Bora zaidi usipite huko, maji yakijaa mashamba hayaonekani lakini vigingi unavijua viko wapi.

Ukimaliza uchafu, itazame impela yenyewe. Mabawa yake yanatakiwa yawe na ncha safi. Yakiwa yamemeguka, yamekunjwa kwa mbele, au yamesagika kama yamepigwa tupa, hiyo ni kazi ya mchanga na mawe. Huku kwetu maji yakipwa siku za bamvua yanashuka mpaka karibu mita nne kutoka yalipojaa, na kijana anataka kutoka na mteja hapo hapo kwenye maji ya magoti, anawasha, pampu inavuta mchanga kama inavuta uji. Yamaha wanataka angalau sentimita 60 za maji chini ya jetski, Sea-Doo wanasema 90. Isukume kwa mikono mpaka maji ya kiunoni na zaidi ndo uwashe.

Sasa pete. Impela inazunguka ndani ya pete, kwa baadhi ya Sea-Doo ni ya plastiki ngumu inabadilishwa peke yake. Nafasi kati ya ncha ya bawa na pete ni ndogo mno, ikiwa mpya iko chini ya nusu milimita. Chukua fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), ingiza kwenye kila bawa, sehemu tatu nne za mzunguko. Ukikuta karibu milimita moja, au pete ina mifereji unayoisikia kwa ukucha, hapo ndo nguvu yako inapopotelea, maji yanarudi nyuma badala ya kutoka. Dalili yake ni kwamba kwenye kuondoka inateleza, inalia uuuu bila kwenda, alafu ikishakamata mwendo inatulia. Kubadili pete ni kazi ya nusu siku na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya kufungua injini.

Ukiona impela nzima, pete nzima, na bado inateleza, basi pampu inameza hewa. Hewa inaingia wapi? Angalia sili inayokaa kati ya pampu na bodi, mtu akishatoa pampu mara moja na kurudisha bila kuweka silikoni vizuri inavuta hewa hapo. Grili ikilegea au bolti zake zikiwa zimeanguka, hivyo hivyo. Kwa Sea-Doo angalia na ile sili ya shafti ndani ya bodi yenye mpira wa mikunjo, mpira ukichoka haukazi tena, ukiwa kasi inavuta hewa na ukisimama inaingiza maji. Ukikuta mistari ya maji ya chumvi iliyokauka imerushwa mduara kwenye kuta za ndani usawa wa shafti, ndo hapo.

Nne: uzito

Fungua siti, tazama ngama, yaani chini kabisa ndani ya bodi maji yanapotuama. Lita 40 za maji ndani ni kilo 40 ambazo hukumtoza mtu nauli, na zinatembea, ukibana mafuta zote zinakimbilia nyuma pua inanyanyuka. Cheki vizibo vya nyuma vyote viwili vimekazwa na mpira wake upo. Kama jetski inalala majini, pangusa tumbo lake, ukoga na vichaza vidogo vinakula spidi kuliko mtu anavyodhani.

Tano: petroli

Hapa ndo tunaingia kwenye kesi ya RPM kugoma. Nachukua chupa tupu ya maji inayoonesha ndani, natoa petroli kutoka chini ya tanki, naiacha isimame robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini na unaona mstari kabisa. Wengi tunajaza kutoka kwenye madumu, dumu limekaa ufukweni, usiku umande, mchana jua, na mtu anachujia kitambaa cha kanga kinachoacha nyuzi. Nunua faneli yenye chujio la waya laini, basi. Petroli iliyokaa miezi inanuka tofauti, kama vanishi, hiyo usiichanganye na mpya ukijidanganya, itoe.

Kuna jaribio moja nalipenda mana halina gharama. Jetski inaondoka vizuri, inakwenda dakika kumi, alafu inaanza kufa taratibu, ukisimama ikapumzika inarudi. Ikianza kufa, simama, zima, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia fyuuu, tanki linavuta hewa, na ukifunga ukawasha inakwenda tena vizuri, basi kivalvu cha kupitisha hewa kwenye mpira wa tanki kimeziba. Petroli ikitoka lazima hewa iingie, isipoingia pampu inavuta dhidi ya ombwe mpaka inashindwa. Chumvi inaziba kile kivalvu. Ni kitu kidogo sana na nimeona mtu kanunulishwa pampu nzima kwa ajili yake. Ila fanya hivi jetski ikiwa imezimwa, hakuna sigara karibu, na kila ukitaka kuwasha baada ya kugusa mambo ya petroli fungua siti kwanza iingie hewa dakika kadhaa. Mvuke wa petroli ni mzito, unalala ngamani unasubiri cheche.

Ile tabia nyingine, inasilensa vizuri (inawaka imetulia bila kubana mafuta) lakini ukibana mafuta kwa nguvu inazama kama inakosa pumzi, hapo presha ya petroli ndo ipimwe kwa geji na ulinganishe na kitabu cha jetski yako, alafu injekta zikasafishwe. Usibahatishe pampu bila geji.

Kwa wenye zile za zamani za tustroku zenye kabureta, ndani ya kabureta ya Mikuni mna kichujio kidogo cha waya ambacho watu hawajui kama kipo. Na Sea-Doo za miaka ya 90 zilikuja na mipira ya petroli ya kijivu ambayo inaoza kwa ndani na kutoa uji wa kijani unaoziba humo. Ukiikuta toa yote weka mipya, usisafishe kabureta ukarudishia mipira ile ile. Tustroku ikikosa petroli inapata joto kupita kiasi, kwahiyo ukiendelea kuikimbiza hivyo pistoni inatoboka.

Sita: moto na umeme

Betri kwanza. Ikiwa imepumzika mita isome kama 12.6, ikiwaka na ukipandisha resi kidogo iende 14 na ushei. Ikibaki 12, haichajiwi, na volti zikishuka pampu ya petroli inalegea, koili zinalegea, kompyuta inaanza kulalamika mambo ambayo hayapo. Hewa yetu ya chumvi inakula vichwa vya betri na waya wa ardhi, mara nyingi nimekwangua tu waya wa ardhi kwa msasa, nikapaka grisi, injini ikaacha kumisi.

Alafu sasa ndo plagi. Zitoe zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda, usizichanganye, mana zinaongea. Rangi ya kahawia kama biskuti, nzuri. Nyeusi na imelowa petroli, silinda hiyo haiwaki, tazama koili yake (inayoipa plagi umeme). Nyeupe kabisa, inapata hewa nyingi petroli kidogo, rudi hatua ya tano. Ina matone ya maji au kutu, hamna utani tena, maji yameingia ndani. Kujua kama ni koili, hamisha ya silinda mbovu uipeleke kwenye nzima, ugonjwa ukihama nayo umeshajua cha kununua.

Saba: hewa na eksozi

Filta ya hewa ikilowa oili, kuna mtu kazidisha oili. Hizi injini za forstroku ukipitisha alama inarudi kwenye boksi la hewa, inatoa moshi na inapoteza nguvu. Pima jetski ikiwa imelala sawa, na ufuate kitabu chako kama ni baada ya kuwaka au kabla, zinatofautiana. Angalia pia kebo ya mafuta kwa wenye kebo, mwenzio abane mpaka mwisho wewe uchungulie kama inafungua yote.

Na hili la eksozi watu hawalijui. Mpira wa eksozi ukipasuka au klempu ikiachia, moshi unajaa ndani ya bodi, injini inavuta ule moshi badala ya hewa safi, inakosa oksijeni, nguvu zinakwisha. Ukifungua siti ukakuta masizi kwenye kuta, harufu kali na joto, umeipata. Usiinamie humo injini ikiwa inawaka, ule moshi unaua kimyakimya.

Nane: maji ya kupoza

Yamaha na Kawasaki zinajipoza kwa maji ya bahari moja kwa moja, kwahiyo chumvi na mchanga vinajenga ndani ya njia zake. Sea-Doo za forstroku zina maji yao yanayozunguka kupitia bamba la chini nyuma, ila hata hizo eksozi yake inapozwa na bahari. Kwa Yamaha na Kawasaki tazama kile kitundu kinachotoa maji pembeni, yakitoka kwa kudondoka badala ya kuruka, njia imeziba.

Kusafisha kwa maji baridi kila jioni kuna mpangilio wake na ukikosea unaua injini: washa injini kwanza, ndo ufungue bomba. Ukimaliza funga bomba kwanza, pandisha resi mara mbili tatu ndogo itoe maji yaliyobaki, ndo uzime. Ukifungua maji injini imezima yanajaa kwenye eksozi na kurudi mpaka kwenye silinda. Na bila maji usiiache iwake hata nusu dakika.

Tisa: kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), ukishafika hapa tu

Kabla hujapima, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yamo, na mara nyingi jetski ilipinduka ikageuzwa upande usio wake. Kuna kibandiko nyuma kinaonesha igeuzwe kuelekea wapi, wafundishe vijana wako wakisome. Oili ya hivyo usiwashe, mwaga, weka nyingine, rudia mpaka itoke safi, siku hiyo hiyo, kutu haisubiri kesho.

Kupima: injini iwe na joto kidogo, toa plagi zote, kata umeme wa koili, bana mafuta mpaka mwisho, zungusha kwa stata mpaka geji iache kupanda. Namba yenyewe inategemea injini, ninachotazama mimi ni tofauti. Spark ina silinda tatu, VX zenye injini ya TR-1 nazo tatu, zenye injini ya MR-1 zina nne, zote zinatakiwa ziwe karibu, tofauti isizidi asilimia kumi hivi. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye ile silinda, pima tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda ni valvu au gasketi ya kichwa. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, mimi naanza na gasketi.

Kwa wenye Sea-Doo za supachaja (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), zile za mwanzo zina washa (pete bapa) za seramiki ndani ya klachi yake na zilitakiwa kufanyiwa huduma kila saa 100. Ikianza kuteleza RPM zinapungua bila dalili nyingine yoyote, na washa zikivunjika vipande vinaingia kwenye oili. Ukinunua ya mkono wa pili na muuzaji hana karatasi za huduma hiyo, ifungue kabla hujaikimbiza.

Ukishatengeneza usimpe mteja moja kwa moja. Nenda mwenyewe, peke yako, tanki nusu, dakika ishirini na sio tano, mana ile ya kivalvu cha tanki na ile ya joto hazijitokezi kwenye dakika tano. Soma RPM, soma spidi, linganisha na zile namba ulizoandika, ukirudi fungua siti na uipitishe tochi ngamani uone kama kuna maji mapya.